Safari ya Rula Tatu

Ukiambiwa utoe pesa usizonazo ili urudishiwe pesa zako mwenyewe, utacheka au utarusha kiti? Usijibu haraka. Wengi wetu hatufanyi lolote kati ya hayo. Tunaomba kalamu, tunajaza fomu, tunasema ahsante, tunarudi nyumbani kuumwa kichwa. Ndivyo alivyofanya Rula, na Rula hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mnyoofu tu, jambo ambalo ni kosa baya zaidi mbele ya kaunta.

Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Daftari za shule, kalenda, vitabu vya risiti, fomu za kila ofisi yenye shida na watu, vyote vilipita chini ya kisu chake kabla ya kwenda kushonwa. Mfuko wa shati lake ulibeba rula ya chuma ya sentimita thelathini, na kwa kuwa hakuna mfuko wa shati wenye kina hicho, rula ilichomoza hadi karibu na sikio. Akigeuka ghafla ilimkwaruza. Shavu lake la kushoto lilikuwa na mstari mwembamba, mnyoofu kama kawaida yake.

Kitu kilichokaa kombo kilimnyima raha. Akiingia kwenye nyumba ya watu, kabla ya kukaa alinyoosha picha ukutani. Kwenye harusi ya binti yake aliipima keki kwanza, wageni wakasubiri na sahani mkononi. Mkewe alizoea kumwambia, "Baba, siku utakayokufa utaamka kulinyoosha jeneza, kisha ulale tena."

Kazini kwake kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: kazi huipokei mpaka uishike. Ilitokana na kisa cha zamani, alipokuwa bado mgeni. Mleta mizigo alisema rimu arobaini ziko mlangoni, kavu na kamili. Rula akatia saini bila kutoka. Alipotoka akakuta zimenyeshewa usiku kucha, zimevimba kama mkate. Alikatwa mshahara miezi minne. Tangu hapo hakuamini kitu kilichopelekwa na mwingine. Kila bunda alilibeba kwa mikono yake, kutoka kwenye kisu hadi kwa washonaji, hatua ishirini na mbili, na hakumwachia hata mkuu wa kiwanda.

Shikilia kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomponza.

Alipostaafu alikuwa na akiba yake katika Mfuko wa Wafanyakazi, iliyokatwa kwenye mshahara tangu mwezi wa kwanza. Sheria inasema ukiacha kazi wewe si mfanyakazi tena, basi akiba yako haina ruhusa ya kukaa na akiba za wafanyakazi. Lazima ihamie Mfuko wa Wastaafu, na huko ndiko utakakolipwa kidogo kidogo kila mwezi mpaka Mungu akuite. Sawa. Ungedhani mifuko hiyo iko katika miji miwili, ina mto katikati na daraja limevunjika. La. Wafanyakazi ni dirisha la nne. Wastaafu ni dirisha la tano. Ni kaunta moja ya mbao, chumba kimoja, feni moja. Makarani wa madirisha hayo mawili walikuwa na stepla moja, na waliazimana bila kuinuka kwenye viti.

Karani wa dirisha la nne, msichana mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau, alimsukumia Rula fomu na kumwonyesha visanduku viwili. Aweke vema hapa au hapa. Cha kwanza kilisema akiba ihamishwe moja kwa moja kutoka mfuko hadi mfuko. Cha pili kilisema akabidhiwe yeye hundi, aipeleke mwenyewe.

Sasa mwulize mtu aliyebeba mabunda kwa mikono yake miaka thelathini na moja achague nini. Rula hakufikiri hata kidogo. Ihamishwe na nani? Ipite wapi? Kama ikinyeshewa? Akaweka vema kwenye kisanduku cha pili, vema nzuri yenye pembe kali, akasaini.

Maelezo ya tofauti kati ya visanduku hivyo yalikuwa nyuma ya ukurasa, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Na hapa pana jambo la kuchekesha kwa mwenye meno ya kuchekea: fomu hiyo aliwahi kuikata yeye, kwa maelfu, kwa miaka kumi na minne, kabla Mfuko haujaamua kutoa nakala wenyewe kwa mashine yake mbovu. Hakuwahi kusoma mstari. Mkata karatasi hasomi. Anaangalia ukingo tu. Akisoma, vidole vinabaki kwenye kisu.

Hundi ilipotoka, sehemu moja ya tano haikuwamo.

Rula alirudi dirisha la nne akidhani wamekosea hesabu. Karani hakuwa amekosea. Ilizuiliwa kama kodi, alisema, kwa sababu mzee amechukua pesa mkononi, na pesa ikishikwa mkononi serikali inadhani utaila. Lakini asiwe na wasiwasi. Akipeleka pesa yote dirisha la tano ndani ya siku sitini, atarudishiwa kilichozuiliwa.

"Yote ipi?" Rula akauliza.

"Yote, mzee. Pamoja na hiyo iliyozuiliwa."

"Hiyo si mnayo nyinyi?"

"Ndiyo."

"Sasa nitaipelekaje?"

Karani alimtazama kwa huruma ya mtu aliyefundishwa huruma kwenye semina. "Unatafuta nyingine inayolingana nayo."

"Na nikikosa?"

"Basi hiyo sehemu ya tano imekwenda. Na kisanduku cha pili ni mara moja kwa mwaka, mzee, usije ukakichagua tena."

Nyuma ya karani palikuwa na bango kubwa: Mali bila daftari hupotea bila habari. Rula alilisoma mara mbili. Yake ilikuwa na daftari. Ilikuwa inapotea na habari zake zote.

Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wendawazimu, na hilo ndilo linalochoma. Walikaa kwenye chumba chenye maji ya chupa, wakawaza juu ya mtu mwenye pesa mbili: moja ya kuzuiliwa, nyingine ya kujaza pengo. Mtu huyo yupo. Ana gari la kwendea mjini na lingine la kwendea shamba. Kwake siku sitini ni mchezo. Sheria ilishonwa kwa kipimo chake, kisha tukavishwa sote, na ikikubana unaambiwa umenenepa.

Nyumbani, mkewe alisikiliza habari yote huku akikata uzi kwa meno. Alikuwa fundi wa sare za shule, na sebule yao ilikuwa na kochi moja, meza moja, na cherehani ya umeme ambayo aliilipia miaka sita. Mtaa mzima watoto walivaa mikunjo yake. Rula alipomaliza, mama akasema polepole, "Yaani wameiba yai, na sasa wanataka kuku alete yai jingine ili waamini kwamba alitaga."

"Ndivyo."

"Na wewe ukawapa kiota."

Rula akanyoosha kitambaa cha meza.

Waliangalia huku na huku ndani ya sebule ile, na macho yao wote wawili yakatua mahali pamoja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa suti, mtu mwenye tumbo la heshima, ambaye cherehani ile alikuwa akiimezea mate tangu siku ilipoletwa. Bei aliyokubali ilifika sehemu ya tano, na chenji ya sukari. Walipatana hivi: akina Rula wakirudishiwa pesa yao ndani ya miezi mitatu, watainunua tena kwa bei ileile. Ikipita hapo, cherehani ni yake moja kwa moja. Fundi alilipa nusu papo hapo, na nusu ya pili akaisogeza, leo, kesho, mteja hajaja, mpaka siku arobaini na sita.

Lakini sare za shule hazisubiri. Hivyo kila asubuhi saa moja mama alivuka barabara, akakaa mbele ya cherehani yake mwenyewe, kwenye kiti kilekile kilichokwenda nayo, akashona kwa ujira. Fundi wa suti alimwita shemeji na kumpa chai. Alikuwa na adabu sana. Mama alisema adabu yenyewe ndiyo ilimchosha.

Huku nyuma Rula alikuwa na shughuli ya barua. Dirisha la tano halikupokea pesa bila barua ya dirisha la nne kuthibitisha zimetoka. Dirisha la nne halikutoa barua hiyo bila barua ya dirisha la tano kuthibitisha zitapokelewa. Karani wa tano alikuwa kijana mpole mwenye kikombe kikubwa, na alieleza jambo hilo bila aibu, kama anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya nne ili baadaye ahamie foleni ya tano, Rula alitoa rula yake akapima juu ya kaunta, kutoka katikati ya dirisha moja hadi katikati ya jingine. Rula tatu kamili. Sentimita tisini. Alipewa siku sitini kuzimaliza. Akapiga hesabu kichwani: sentimita moja na nusu kwa siku. Konokono angeshitakiwa kwa mwendo kasi.

Barua zilipatikana siku ya hamsini na saba, baada ya makarani wote wawili kukubaliana kuziandika kwa tarehe moja na kila mmoja kujifanya mwenzake ndiye aliyeanza. Siku ya hamsini na tisa, karani wa kucha za zambarau akampa fomu ya mwisho, ya kuwekea pesa. Kesho yake ilikuwa kuirudisha tu, pamoja na pesa.

Rula aliitazama fomu ile nje ya mlango. Ilikuwa imepinda. Mashine ya ofisi iliivuta karatasi kwa upande, maandishi yakakaa kama meli inayozama, upande mmoja pambizo pana, upande mwingine hakuna. Mtu mwingine angeikunja akaenda zake. Yeye alifikiri: miaka thelathini na moja, na karatasi yangu ya mwisho iende hivi?

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kiwandani, wakamsalimia kwa shangwe, wakampisha kwenye mashine yake. Akaiweka fomu chini ya bamba, akaisogeza kwa ncha za vidole mpaka mistari ikalingana na kisu, akashusha. Ule mlio, alisema baadaye, ulimtoa uchovu wa siku hamsini na tisa. Upande wa kwanza, upande wa pili, juu, chini. Vipande vikaanguka kwenye pipa pamoja na vya siku hiyo. Fomu ikatoka nyoofu, safi, imepungua kidogo tu.

Siku ya sitini alifika kabla ya mlinzi, na foleni ikamfikisha dirisha la tano saa nne na nusu. Karani akaweka kikombe chini, akaishika fomu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mzee, namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Namba ya fomu. Inakaa ukingoni, hapa kushoto. Na maneno, usikate ukingo huu."

Rula alihisi rula ikimchoma shavuni, ingawa hakuwa amegeuka. Akaeleza kwa unyenyekevu kwamba fomu ilikuwa imepinda, naye akainyoosha. Foleni nyuma yake ikacheka. Karani hakucheka, alisikitika kweli. Fomu mpya hutolewa dirisha la nne, kabla ya saa nne. Saa nne ilishapita. Na bila namba, kompyuta haiwezi kujua kwamba hii ni karatasi ya mzee.

"Mimi si niko hapa?"

"Wewe upo, mzee. Namba ndiyo haipo."

Aliitwa msimamizi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani shingoni, na tuseme haki yake: alisikiliza hadi mwisho. Akasema daftari la siku hufungwa kwa saini yake, na siku hii ataifungia kesho ofisi ikifunguliwa, saa mbili. Mzee akileta kile kipande chenye namba, kimerudishwa mahali pake, kabla kalamu haijagusa karatasi, itahesabiwa siku ya sitini. Aliongeza kwamba hapendi kuwaumiza watu. Hawapendi kamwe. Hutokea tu.

Kiwandani, pipa lilikuwa limeshamwagwa. Mfagizi, mama mmoja mcheshi aliyefanya kazi pale karibu miaka sawa na Rula, alikuwa amefunga mabaki kwenye magunia matatu ya kuuzia wafungashaji wa vyombo. Aliposikia kilichotokea akajipiga paja. "Shemeji, wewe ndiye uliyetufundisha tusisogeze mkono kwenye kisu. Ukasogeza uzee wako mzima?" Kisha akayamwaga magunia sakafuni.

Chumba kikawa cheupe. Vipande kwa maelfu, vyembamba, virefu, vyote mapacha. Mfagizi akaanza kuviinua kimoja kimoja akitafuta namba, na Rula akakaa chini akavitazama kwa muda bila kugusa. Halafu akasema, "Usitafute namba. Tafuta kilichopinda."

Kwa sababu mabaki ya kazi ya kawaida yana upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Kipande chake kilikatwa kwenye fomu iliyokwenda kombo, basi lazima kiwe chembamba upande huu na kinene upande ule, kama kabari. Wakavitandaza kwa viganja, wakivitazama kwa ubavu. Kabla ya kengele ya jioni Rula akakiokota, kimejikunja chini ya gunia, na namba yake, na maneno yake: usikate ukingo huu. Aliyasoma kwa sauti. Mfagizi akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Akakirudisha kwa gundi ya kushonea vitabu na karatasi nyepesi ya kuungia nyuma, akakikandamiza chini ya chuma. Ungepitisha ukucha usingeuhisi mshono. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na ilimkera, maana fomu ilikuwa imerudi kuwa kombo.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, aliamka pamoja na mkewe. Mama akavuka barabara kwenda kwa fundi wa suti, yeye akashika njia ya mjini, fomu kifuani ndani ya ganda la daftari. Alifika saa mbili kasorobo.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi pande zote mbili, na lori limesimama kinyumenyume mbele yake. Wapagazi walikuwa wakitoa viti, makabati, feni, lile bango la mali na daftari. Msimamizi alisimama kwenye ngazi, miwani shingoni, akisema taratibu, taratibu. Rula akamsalimia, akatoa fomu.

"Ah, mzee wangu. Tunahama. Tangazo lilibandikwa ndani tangu jana jioni."

Rula akamwomba asaini tu. Msimamizi akaonyesha lori. Daftari la siku lilikuwa humo, mwanzo kabisa, chini ya makabati. Mzee aje Jumatatu, jengo jipya, pazuri, kuna lifti.

"Jumatatu itakuwa siku ya ngapi?"

Msimamizi akahesabu kwa vidole, kwa uaminifu kabisa. "Sitini na nne."

"Na cherehani ya mke wangu?"

Hilo msimamizi hakulielewa, na hakuuliza. Alimgusa bega, akasema siku ni siku, akageuka kuwaambia wapagazi waangalie kioo.

Rula akabaki pale kando ya ngazi. Walichukua kila kitu. Hapakuwa na foleni, hakuna aliyeuliza barua ya kutoka wala barua ya kupokelewa, na mlinzi alikuwa amelala. Mwisho ikaja kaunta, na kaunta ikagoma mlangoni. Wakaigeuza ubavu, wakaisimamisha, wakaitukana. Haikupita. Akaitwa seremala wa jirani, akaja na msumeno na kipande cha chaki nyuma ya sikio, akaitazama, akasema ikatwe katikati, kati ya dirisha la nne na la tano. Akatafuta kifaa cha kupimia, hakukiona. Akamwona Rula.

"Mzee, hebu niazime hiyo rula."

Rula akaishika kwa vidole viwili, pale ilipochomoza kifuani.

"Umejaza fomu?" akauliza.

Seremala akacheka, akanyoosha mkono, akasubiri. Alipoona rula haitoki akachora kwa jicho, akaanza kukata. Rula alikuwa wa kwanza kuona msumeno ukipotea njia, kwanza kwa upana wa ukucha, kisha kidole, ukielekea dirisha la tano. Akauacha uende. Mbao ikakatika kwa mlio mbaya, na nusu ya nne ikabebwa ikiwa na miguu mitatu, nusu ya tano ikiwa na mmoja. Zikapita mlangoni kwa dakika tatu. Juu ya lori nusu ya tano ikayumba, ikataka kuanguka, mpaka mpagazi mmoja alipovuta bunda la fomu mpya, ambazo hazijajazwa, akalisukumia chini yake, na lori likaondoka.